Siku Tatu Nyuma ya Pazia

Jumatatu, 8 Septemba

Binti yangu mkubwa kanipa daftari hili. Kasema badala ya kumsimulia wasiwasi wangu akiwa anaoga, mimi nje naongea na mlango wa bafu, niuandike. Nikamwambia mimi nimeishia darasa la tano. Kasema wasiwasi hauombwi cheti. Ana miaka kumi na minne na mdomo wa miaka arobaini. Daftari nitalificha kwenye mfuko wa samadi. Nyumba nzima hakuna anayeugusa isipokuwa mimi.

Haya, wasiwasi wenyewe. Barua imekuja. Mume wangu ni fundi wa majokofu, yale makubwa ya kuingia mtu mzima na ngazi yake, na kampuni yao inataka kumpeleka ng'ambo miaka miwili. Na sisi wote. Tiketi juu yao, nyumba juu yao, shule ya watoto juu yao. Kaisoma mara tatu kwa sauti ya kutangaza harusi. Nikauliza huko kukoje. Kasema kuna baridi. Baridi ya namna gani? Kasema miezi mitano hivi maji yakiachwa nje yanakuwa jiwe. Nikamwambia nchi yenyewe ni jokofu, sasa fundi wa majokofu anakwenda kufanya nini? Binti kacheka mpaka kapaliwa. Kitindamimba, ambaye ana miaka sita, kauliza kama watu wa kule wanakaa kwenye rafu.

Baba yao hakucheka. Kasema mama watoto, nafasi hii haiji mara mbili.

Kuna fomu. Mwenzi lazima atie sahihi, mwisho Jumatano ya wiki ijayo, tarehe 17. Nisipotia, anakwenda peke yake au haendi kabisa. Hilo la mwisho hakulisema. Alilikunja pamoja na barua akalitia mfukoni.

Kanionyesha picha ya nyumba kwenye simu. Ghorofa ya saba. Dirisha, kochi, dirisha. Nikauliza udongo uko wapi. Kasema kule udongo unauzwa dukani, kwenye mifuko. Udongo, dukani! Nikatoka nje nikamwagilia maua. Nilikuwa nimeshayamwagilia asubuhi.

Niyaandike hapa, isije siku nikasahau. Asumini langoni, jioni inanukia mpaka wapita njia wanapunguza mwendo. Zinia chini ya dirisha la sebule, za kila rangi, hazina adabu, zinaota hata palipo na kokoto. Bogenvilia ukutani. Mayungiyungi meupe matano kwenye beseni lililotoboka. Na katikati mwaridi wangu mwekundu, ninayemwita Mkaidi. Mwaka wa tatu huu hajatoa hata tumba moja. Miiba tu na majani ya kujivuna. Ndiye ninayempenda kuliko wote. Mtoto asiyekula ndiye anayemkondesha mama.

Baada ya chakula nikamwambia mume wangu: natia sahihi nikipata mtu wa kumwachia maua, mtu wa kuaminika, si wa kubahatisha. Kakubali kabla sijamaliza. Nimeingiwa na shaka.

Jumanne, 9 Septemba

Nyumba haina tatizo. Wifi yangu, dada wa mume, atahamia. Ni msusi, anapanga chumba kimoja, kashaanza kupima sebule kwa hatua kuona kochi lake litakaa wapi.

Basi si nimwachie na maua? Namjua. Saluni kwake kulikuwa na ua kwenye chungu. Kalimwagilia miezi miwili, kisha kaja kunilalamikia halikui. Nikaenda kuliangalia. La plastiki. Kabla ya hapo alikuwa na mpungate. Mmea unaoishi jangwani bila kumwomba mtu chochote. Ukamfia mikononi.

Hata hivyo nikasema nisimhukumu, nimpe mtihani. Nikamkabidhi ndoo na kopo. Akamwagilia majani. Akamwagilia ukuta. Akamwagilia viatu vyake. Kisha simu ikaita, akapokea, mkono mwingine ukaendelea kumimina juu ya zinia moja mpaka ikalala chali. Nikaguna. Kanigeukia, kasema wifi yangu, maua ni maua tu, yakifa nitakununulia mengine.

Nilitafuta pa kukaa.

Jioni mume wangu kauliza amebaki nani. Nikasema hakuna, basi, dunia imeisha. Kitindamimba kasema si yupo Mama Cherehani?

Kila mtu kaangalia sahani yake.

Jumatano, 10 Septemba

Mama Cherehani ni jirani yetu wa ukuta mmoja. Anashona nguo barazani kwake, mjane, wanawe wote wamekwenda kujitegemea. Ana bustani. Nitasema kweli kwa kuwa naandika peke yangu: ni nzuri. Nzuri ya kukera.

Na kuna jambo kati yetu. Miaka mitano iliyopita nilikuwa na mwaridi wa njano karibu na ukuta. Nikaenda kumuuguza mama yangu wiki mbili, kurudi nakuta shimo. Mume wangu kasema uliingiwa na ugonjwa akaung'oa. Nikalia, nikanyamaza. Miezi mitatu baadaye nikaona dirishani kwa Mama Cherehani mwaridi wa njano kwenye kopo. Rangi ileile. Mimi sikusema kitu. Nilisema tu mbele ya watu kadhaa dukani kwamba mtaa huu una mtu mwenye vidole virefu. Tangu hapo mimi naye tunasalimiana kwa asali mdomoni na siki moyoni. Hujambo jirani, sijambo jirani, umependeza, wewe zaidi.

Sasa huyo ndiye nimpe funguo?

Nimefikiri huku naosha vyombo. Mawazo yangu mazuri huja nikiwa na povu mikononi. Na limekuja.

Mume wangu na watoto wanakwenda kwa mama mkwe Ijumaa mpaka Jumapili, kumpa habari ya safari. Mimi nimeshasema nabaki kufua mapazia. Sasa: Mama Cherehani nitamwambia tunakwenda sote. Nitamwachia ufunguo wa lango dogo la bustani, nimwombe anitazamie maua siku tatu. Kisha mimi nitakuwamo ndani. Nitaona kila kitu. Mtu ukitaka kumjua, mtazame akidhani hatazamwi.

Mume wangu sijamwambia. Ana roho nyepesi, siri ikimwingia inamtokea usoni.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimempelekea ufunguo. Habari ya ng'ambo alishaipata kwa wifi. Alikuwa anatia zipu kwenye gauni, pini nne mdomoni. Kazitoa moja moja kabla ya kunijibu, nikazihesabu. Kasema jirani, umeniheshimu. Nikasema aah, jirani, nisipokuamini wewe nimwamini nani? Kanitazama juu ya miwani. Miwani yake ni minene kama kitako cha chupa. Hilo linanifaa, haoni mbali.

Nimetoboa pazia la sebule kwa mkasi wa kucha. Tundu la ukubwa wa kifungo cha shati. Nimelijaribu: bustani yote inaonekana, isipokuwa beseni la mayungiyungi. Nikalihamisha beseni.

Binti kaniuliza kwa nini nimesukuma beseni katikati ya njia. Nikamwambia jua. Kasema mama, una kitu. Nikamwambia nina kiungulia.

Ijumaa, 12 Septemba

Imeenda vizuri mno. Gari la kukodi lilikuja saa mbili asubuhi. Mizigo ni ya mume na watoto, kwa hiyo nilionekana msafiri bila kubeba hata kikapu. Mama Cherehani alikuwa langoni kwake. Nikampungia mkono dirishani kama naondoka mwaka mzima. Mume wangu kauliza mbona unapunga hivyo, si unashuka kwenye kona? Nikamwambia namsaidia jirani kufurahi.

Kwenye kona nikashuka. Nimesema nanunua sabuni ya mapazia. Nikajitanda khanga hadi machoni, nikazunguka kwa uchochoro wa nyuma, nikaingia kwa mlango wa jikoni. Hakuna aliyeniona isipokuwa kuku wa watu.

Masharti niliyojiwekea: hakuna redio, hakuna kuwasha jiko, maana harufu haina siri, hakuna kuvuta maji ya choo akiwa bustanini. Nina karoti na pakiti tatu za biskuti za Kitindamimba.

Naandika nikiwa chini ya dirisha. Saa nne hajaja. Saa sita hajaja. Jua kali, zinia zimeinamisha vichwa. Nikasema, unaona? Vidole virefu, miguu mifupi.

Saa kumi na nusu kaja. Na kopo lake mwenyewe, langu kaliacha. Anamwagilia mashinani, polepole, kama anamnywesha mgonjwa. Si mbaya. Nimeandika "si mbaya" nikaikata, kisha nikaiandika tena.

Halafu akasimama mbele ya Mkaidi. Akamzunguka. Akatoa mfukoni mkasi wa kukatia vitambaa. Nikasema hapana. Nikasema kimoyomoyo, mama wee, usithubutu. Akakata tawi. Akakata la pili. Akakata yote, huku akimwambia Mkaidi kwamba amedekezwa, amelelewa kama mtoto wa mwisho, na aibu ikimwingia atachanua.

Nimeuma mto wa kochi. Alama za meno zipo.

Mkaidi kabaki na visiki vinne vya kimo cha goti. Nimemaliza pakiti ya kwanza ya biskuti kwa hasira. Sitii sahihi. Mume wangu atanisamehe. Mtu hamwachi mwanawe na mchinjaji.

Jumamosi, 13 Septemba

Siku mbaya. Niipange ieleweke.

Asubuhi kaja tena, safari hii na kigoda na kazi ya mkono. Kakaa katikati ya maua yangu anapiga pindo la sketi. Saa nzima. Saa mbili. Mimi chooni naogopa kuvuta maji. Nimekaa pale kwenye kiti cha choo natafakari maisha yangu.

Nikatoka nikanyata mpaka tunduni. Bado yupo. Katoa simu. Anabonyeza. Nikajiuliza anampigia nani.

Mimi.

Kitindamimba aliniwekea mlio wa jogoo kwenye simu. Jogoo akawika sebuleni mwangu kwa nguvu zake zote. Nikairukia simu, ikaniponyoka, jogoo akawika tena chini ya kochi. Nikapokea nimelala kifudifudi. Nikanong'ona haloo.

Kasema jirani, mbona sauti iko mbali? Nikasema niko mbali. Yeye yuko hatua tano kutoka nilipo, ukuta tu katikati, namsikia kwa masikio yote mawili, moja la simu na moja la Mungu. Kauliza safari ilikuwaje. Nikasema vumbi tupu. Kauliza hali ya hewa. Nikasema mvua, jirani, mvua haijakatika tangu tufike. Nikishaanza kudanganya siwezi kushika breki. Nikaongeza kwamba mto umejaa. Kwa mama mkwe hakuna mto.

Kasema pole sana. Kasema nimesikia kama jogoo. Nikasema huku majogoo ni wengi, wanatusumbua.

Kauliza, na chakula huko mnapata? Nikasema tunakula vizuri mno. Tumbo langu likanguruma. Nikakohoa kulifunika.

Hajashtuka. Namshukuru Mungu kwa miwani ile.

Saa saba kaja na sahani iliyofunikwa. Kaiweka kwenye ukingo wa dirisha la sebule, nje, shubiri mbili kutoka puani mwangu. Kayaambia maua kwa sauti kwamba ni ya paka, kuna paka kasikika humu ndani, maskini, wenyewe wamesafiri wamemsahau. Kisha kaenda zake.

Sisi hatuna paka.

Viazi na mayai. Vya moto, na kitunguu juu. Nilijikaza. Nilimfikiria huyo paka, popote alipo, ana njaa. Lakini paka hajaja, na dirisha linafunguka kwa ndani, na binadamu ni binadamu. Nimekula mpaka sahani ikang'aa.

Sasa kosa. Nimeiosha sahani. Sikufikiri. Mkono ulienda wenyewe. Nikaifuta kwa taulo safi, nikataka kuirudisha, ndipo nikamsikia marehemu mama yangu akisema sahani ya mtu hairudi tupu. Nikatia biskuti tatu. Nikaifunika. Nikairudisha dirishani.

Nilipokaa ndipo akili ikafika. Paka gani anaosha sahani? Paka gani anatoa biskuti?

Nikainuka kuichukua. Nimechelewa, Mama Cherehani yuko langoni na kopo lake. Kaja moja kwa moja dirishani. Kafunua. Katazama muda mrefu. Kachukua biskuti moja, kaitafuna taratibu, mabega yanamcheza. Nadhani ni kikohozi.

Jumapili, 14 Septemba

Niliogopa angekuja na watu. Kaja peke yake, na kigoda, na mkono mtupu, hata sindano hana. Kakaa karibu na ukuta, mgongo kwa dirisha. Kaanza kuzungumza na Mkaidi.

Sikuwa napeleleza. Daftari, wewe unajua sikuwa na pa kwenda.

Kamwambia Mkaidi kwamba leo atampa habari ya ndugu yake, yule wa njano. Kasema mwaka ule mwenye nyumba, yaani mume wangu, alikuwa anapaka ukuta chokaa, ngazi ikamteleza ikauangukia mwaridi wa njano, ukavunjika shinani. Kasema alimwona akija mbio, vipande mkononi, chokaa hadi kwenye nyusi, anamsihi jirani, niokolee huu, mke wangu akijua nitalala banda la kuku. Hatukuwa hata na banda. Yeye kakichukua kipande kimoja chenye uhai, kakitia kwenye kopo la maziwa, kakilea miezi mitatu sebuleni. Siku aliyotoka kuuleta, kajitanda vizuri, mwaridi mkononi, kapita dukani kununua karatasi ya kuufungia. Akasikia mtu akisema mtaani kuna mwenye vidole virefu.

Karudi nao nyumbani. Kaupanda kwake.

Kang'oa jani moja lililokauka. Kisha kamwambia Mkaidi kwamba hana kinyongo. Kwamba kila asubuhi kabla ya kukaa kwenye cherehani huwa anachungulia ukutani aone mimi nimechanuliwa na nini, ili naye apate sababu ya kuinama kwenye maua yake. Kwamba wanawe wanampigia simu kila Jumapili wanauliza afya, lakini hakuna anayemkasirisha vizuri kama mimi. Kasema mkienda miaka miwili, mimi nitashindana na nani?

Nililia. Nililia kwa kujifuta na pazia, na pazia lile ni kweli halijafuliwa, vumbi likanipanda. Nikapiga chafya. Moja kubwa, ya kutikisa kioo.

Mama Cherehani hakugeuka. Kasema afya, paka.

Nikaitikia kimoyomoyo.

Saa kumi na moja nikatoka kwa nyuma, nikawavizia kwenye kona, nikapanda gari. Mume wangu kauliza nafanya nini pale na khanga usoni. Nikamwambia nimewakumbuka. Tukafika langoni, Mama Cherehani yupo. Kasema poleni na safari, na poleni na mvua. Mume wangu kasema mvua gani, mama, kule kumekauka mpaka mbuzi wanalalamika. Mama Cherehani kanitazama, kasema basi labda ilinyesha upande mmoja wa nyumba.

Mwema. Na rahisi kudanganyika.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimemngoja mume wangu anyoe ndevu upande mmoja, ndipo nikamwambia: ngazi, chokaa, mwaridi wa njano. Wembe ukasimama. Kauliza nani kakwambia. Nikasema nimeota. Kakaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea akakiri yote, mpaka na mambo ambayo sikuyauliza, kama nani aliivunja ile birika ya mama. Tangu asubuhi ananiangalia kwa heshima mpya. Binti kasema baba kamuuliza taratibu kama mama huwa anaota mara kwa mara.

Jioni nilikata yungiyungi, moja kati ya matano, nikavuka kwa Mama Cherehani. Nilikuwa nimepanga maneno. Nilisimama pale kama mteja aliyesahau vipimo vyake. Mwishowe nikasema jirani, kuna maneno niliyasema dukani miaka mitano iliyopita. Kasema alikuwa na kelele za cherehani siku hiyo, hakusikia kitu. Cherehani yake haiendi dukani. Lakini nikaelewa. Tukakaa. Tukanywa chai. Kaniuliza naogopa nini hasa, maua au safari. Nikamwambia maua. Kasema hm. Nikamwambia naogopa nisijue kusoma vibao vya kule, watoto wajue kila kitu mimi niwe wa kuongozwa mkono, na nikirudi bustani nayo iwe imenisahau. Nilishangaa kujisikia nikisema hivyo. Kasema kusoma vibao ni kazi ya wiki mbili, na mimea haisahau mtu anayeipa samadi.

Nikampa maelekezo niliyoandika. Kurasa kumi na mbili. Kayasoma yote, karudisha kumi. Kasema hizi mbili ni za maua, hizi nyingine ni zako.

Nilipoinuka kauliza, na yule paka wenu mtamwacha na nani? Nikamwambia hatuna paka. Kasema basi ni wa mtaani, ila kalelewa vizuri sana, anaosha sahani. Nikasema paka wa siku hizi ni wajanja. Kasema kweli, wajanja mno.

Tukaagana. Sikugeuka mpaka nikafika kwangu.

Jumatano, 17 Septemba

Mwisho wa fomu. Mume wangu kaiweka mezani, kalamu juu yake, akajifanya anatengeneza saa ya ukutani ambayo haijaharibika. Mabinti wawili mlangoni, kichwa juu ya kichwa.

Nikasema kwanza niage maua. Nikatoka. Nikafika kwa Mkaidi niyatazame yale mauaji kwa mara ya mwisho. Nikainama.

Kuna macho. Kwenye kila kisiki, chini kidogo ya pale mkasi ulipopita, macho mekundu ya chipukizi yametumbuka, madogo kama vichwa vya viberiti. Nikayahesabu: tisa. Miaka mitatu nimembembeleza, nimemwimbia, nimempa maji ya mchele. Kumbe alikuwa anataka kukatwa.

Nilipoinuka, Mama Cherehani alikuwa anachungulia juu ya ukuta. Nikasema jirani, umeona? Kasema nimeona tangu jana, nilikuwa namwacha mwenyewe aone.

Nikaingia ndani nikatia sahihi. Jina langu lote, kwa herufi za kushikana, mpaka mkia wa herufi ya mwisho ukatoka nje ya kisanduku. Mume wangu kasema asante mama watoto, akarudi kwenye saa yake. Sasa kweli haifanyi kazi. Kitindamimba kauliza tutakaa rafu ya ngapi. Nikamwambia ya saba.

Mpango wangu umefaulu bila dosari. Nimepata mtu wa kuaminika, na hakuna aliyejua lolote.

Jumamosi, 20 Septemba

Mkaidi ana majani. Machanga, mekundu, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Tunaondoka mwezi ujao, sitaliona ua. Mama Cherehani kasema atampiga picha, na atamwambia ua hilo ni la nani.

Leo wifi kaleta vitu vyake vya kwanza, kochi na lile ua la plastiki. Kafungua sebule, kalalamika pazia lina tundu. Kabla sijasema kitu kalichomoa kalipeleka kwa Mama Cherehani lizibwe. Nilikaa jikoni nikingoja hukumu. Nilitayarisha panya. Ningesema ni panya, mkubwa, wa kupanda mapazia.

Saa tisa limerudi, limefuliwa, limepigwa pasi, limekunjwa. Nikalifungua. Tundu lipo palepale. Halijazibwa. Limezungushiwa uzi wa kijani, mishono midogo midogo iliyobanana, ile ya tundu la kifungo cha koti zuri, lisije likaendelea kuchanika. Na ndani ya mkunjo kulikuwa na pakiti ya biskuti.

Nimefikiri sana. Nadhani uzi wa kuzibia ulimwisha. Biskuti ni za watoto, ni dhahiri.

Nimezificha nyuma ya kochi la wifi, upande wa dirisha. Kwa sababu nimepiga hesabu: mume wangu atapata likizo yake ya kwanza mwezi wa saba. Sote tutakuja kusalimia. Lakini mimi nitatangulia siku tatu, bila kumwambia mtu, khanga mpaka machoni, kwa uchochoro wa nyuma. Si kwamba simwamini. Namwamini kabisa. Ila kuamini bila kukagua ni uvivu.

Nimejifunza jambo moja tu la kurekebisha, na nimeshalirekebisha. Nimemwambia Kitindamimba aondoe jogoo. Kaniwekea mlio wa paka.